Nilivyotumwa Kuulizia Ukoo wa Tama

Kila mmoja wenu ameniuliza safari ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu "nzuri tu, alhamdulillah," kisha nikabaki nafikiri kama jibu lile fupi limeonekana la kiburi. Basi nakuandikieni wote pamoja, kituo baada ya kituo. Ya viza na tiketi nayaruka. Yalinitia tumbo joto wakati ule, na sina haja ya kulitia tena.

Azaiba

Safari ilianzia sebuleni kwetu Muscat, simu ikiwa juu ya meza na spika imefunguliwa. Aliyekuwa akizungumza ni Ami Nassor, mdogo wake baba, ambaye alihamia Auckland, New Zealand, wakati binti yake Raya hajaanza hata skuli. Sasa Raya ni muuguzi, na ameposwa. Kijana anaitwa Tama, mwalimu wa watoto wadogo, Mwislamu, tena alisilimu kabla hajamjua Raya. Mpaka hapo Ami hakuwa na neno. Neno lake lilikuwa kwamba Tama ni Mmaori, yaani mtu wa wenyeji wa nchi ile, waliokuwapo kabla wazungu hawajafika.

"Mama, mimi nimekaa na hawa watu miaka yote hii," alisema. "Si watu wa kuingiliana nao. Asli yao hatuijui."

Bibi yangu, Bi Zeyana, alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya. "Umekaa nao, au umekaa karibu nao?"

Raya hawezi kuolewa bila ya babake kumwozesha, na babake alikuwa amesema hatajibu mpaka mamake aseme. Sasa mamake naye akasema hatasema mpaka mtu aende kuulizia. Mnatujua sisi: posa ikija haijibiwi hivi hivi. Hutafutwa mtu akapita kwa majirani, msikitini, dukani, akauliza hawa ni watu gani, wanaishi vipi na wenzao. Mimi nilidhani desturi hiyo inaishia Muscat, na pengine Unguja. Sikujua inapanda ndege.

"Talal atakwenda," Bibi alisema.

Nilikuwa nimemaliza chuo na nangojea kazi, kwa hiyo sikuwa na udhuru, lakini nilijitahidi. Nilisema sijawahi kuulizia mtu. Nilisema mimi ni mwoga. Nilisema je, nikikosea kusikia, nikaharibu maisha ya Raya?

"Babako nikimpeleka atakwenda kubishana," Bibi alisema. "Wewe nnakutaka kwa huo uwoga wako. Utatazama kila kitu mara mbili. Usiniletee habari za nyumba wala gari. Nnataka watu."

Dada Grace, anayemsaidia Bibi, alikuwa mlangoni na sinia la chai. Yeye ni wa Uganda. "Kwetu wanaenda mashangazi," alisema. "Lakini wanaenda na boda, si na ndege."

Matrah

Baba alinipeleka sokoni Matrah kununua vya kupeleka, kwa sababu kwa watu hakwendwi mikono mitupu. Tulichagua siku mbaya. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga na vichochoro vimejaa watu wanaopiga picha vilemba. Tulikaa kwa muuza halwa mpaka miguu ikafa ganzi, tukionjeshwa ya zafarani, ya tende, ya maziwa, huku nikimuuliza ipi itavumilia safari.

"Inakwenda wapi?"

"New Zealand. Kwa Wamaori."

Akaacha kukoroga. "Hao wanaotoa ulimi nje kabla ya mpira wa raga?"

"Hao hao."

"Basi wape ya zafarani," alisema kwa heshima kubwa, kama vile ulimi huo alitolewa yeye. Tukachukua kopo kubwa la bati, udi, na mfuko wa ndimu kavu ambazo Bi Zuwena, mke wa Ami, aliziomba kwa ajili ya mchuzi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri kwamba yule muuza halwa anajua jambo moja tu kuhusu watu hao, na kwamba mimi najua hilo hilo moja.

Kuala Lumpur

Tulikaa Kuala Lumpur zaidi ya tulivyopangiwa. Ndege ilikuwa na ubovu ambao hakuna aliyetaka kuutaja, na kila walipotangaza nilihama kiti nikisogea karibu na mlango, nisije nikaachwa na ndege ambayo bado haijapona. Nilipomrekodia mama ujumbe wa sauti, mwanamke aliyeketi mbele yangu aligeuka mzima mzima.

"Aki, hiyo ni Kiswahili? Na vile unakaa Mwarabu!"

Aliitwa Njeri, muuguzi Mkenya anayeishi Auckland. Nilimweleza kwamba sisi ni Waomani, lakini bibi na babu walizaliwa Unguja, lakini baba alikulia Muscat, lakini nyumbani tunasema Kiswahili.

"Lakini tatu," alisema. "Mimi ni wa Nyeri. Nimemaliza."

Nikaona hapa ndipo pa kuanzia kazi yangu. Nikamuuliza Wamaori ni watu gani. Alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Wacha nikuambie ukweli. Nilipofika, Mkenya mwenzangu aliniambia, Njeri, usikodi nyumba mtaa wao. Nikamuuliza, umejuaje? Akasema ameambiwa na fulani. Huyo fulani nikampata kanisani, nikamuuliza. Akasema ameambiwa na mwenye nyumba wake. Na mwenye nyumba ni mzungu. Sasa unaona? Mwaka mzima nimeogopa watu sijawahi hata kuwasalimia."

"Na sasa?"

"Sasa kazini kuna shosho mmoja mzee wa Kimaori, mgonjwa. Kila nikiingia ananiuliza mamangu ameamkaje. Hiyo hospitali yote, ni yeye tu amewahi kujua nina mama."

Alinigawia maandazi aliyoyabeba kwenye kopo la siagi. Nilikula mawili, nikajizuia la tatu, kisha nikala.

Uwanja wa Auckland

New Zealand wanaogopa mbegu na wadudu kuliko wanavyoogopa watu. Mbwa mdogo alikuja akaketi kando ya begi langu akanitazama kwa huruma. Nililipeleka begi mezani, na ofisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akatoa ndimu kavu moja baada ya nyingine akaziweka kwenye trei. Hizo hazikurudi. Bi Zuwena hajanisamehe mpaka leo.

Kisha akafungua kopo la halwa. Akaniuliza ndani mna nini. Nilipaswa kutaja sukari, samli, wanga na zafarani. Badala yake nilieleza hata jinsi inavyokorogwa, kwa nini mkorogaji hatakiwi kupumzika, na kwamba inatangulia kahawa, tena inatangulia habari. Aliniacha nimalize. Akauliza inakwenda kwa nani. Nikamwambia: kwa familia ya Kimaori, kwenye uwanja wa ukoo wao, ambao wanauita marae.

Uso wake ukabadilika. Mwenyewe alikuwa Mmaori, na mimi wala sikuwa nimefikiria. Alilifunika kopo taratibu. "Ukifika pale," alisema, "usiingie mpaka uitwe."

Nilimshukuru mara nyingi mno, hata watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna.

Kwa Ami

Ami Nassor anakaa mtaa ambao mlango wa kulia ni wa mtu wa Fiji, wa kushoto wa mtu wa Lahore, na mbele kuna kanisa la Wakorea. Nikaanza kuulizia, kama tunavyoulizia kwetu. Nilinunua maziwa ambayo hayakuhitajika, ili nizungumze na mwenye duka, Muhindi wa Fiji.

"Wanapewa kila kitu bure," alinambia.

"Unawajua?"

"Wanakuja hapa kila siku."

"Majina yao?"

Akafikiri. "Kuna mmoja ananiita ndugu. Yule ni mzuri. Yule si kama wenzake."

Jirani wa Lahore, ambaye ni dereva wa teksi, alinipa shauri bila ya kuombwa: binti wa Ami ajifunze Kichina, kuna pesa, Kimaori kitamfikisha wapi? Nikamuuliza kama ameshawahi kumpakia Mmaori. "Wengi. Juzi mmoja alinisaidia kusukuma gari kwenye mvua. Lakini huyo, bhai, alikuwa na tabia."

Msikitini nilikaa na mzee wa Kisomali aliyemjua Tama mwenyewe. Huyu macho yalimlenga machozi. Alipofiwa na mkewe, alisema, Tama ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea maiti pamoja na wanawe, matope mpaka magotini, kisha akawapeleka watoto wadogo kula. "Wallahi, kijana wa dhahabu. Si kama Wamaori wengine."

"Wengine yupi, mzee?"

Akanitazama kama nimemuuliza idadi ya nyota.

Nilikuwa nimekuja kukusanya habari za Wamaori, na nilichokusanya ni habari za wageni. Wasiomjua hata mmoja waliwasema wote vibaya. Aliyemjua mmoja alimsifu huyo mmoja na kumtoa kwenye hesabu ya wenzake. Sikujua nimweleze vipi Bibi. Nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama mimi ndiye nisiyejua kuuliza.

Usiku mmoja, tukila biriani, ndipo nilipoona moto wenyewe uko wapi. Raya alikuwa anasoma Kimaori jioni, baada ya kazi, na Tama alikuwa amempigia simu wakazungumza kidogo kwa lugha hiyo. Alipokata, Ami aliweka kijiko.

"Lugha ya watu umeijua. Ya bibi yako huijui."

Raya anazungumza nasi Kiingereza na Kiarabu cha kuombea maji. Alimjibu kwa Kiingereza, polepole: "Nani alipaswa kunifundisha, Baba?"

Mimi nilihesabu punje za wali kwenye ukingo wa sahani yangu.

"Kuleni, biriani inapoa," alisema Bi Zuwena. Lakini Ami hakuwa amemaliza, akahamia kwingine. Alisema kesho kutwa tunapelekwa kwenye huo uwanja wao, tutagusanishwa pua na watu, jambo gani hili, watu wazima kugusana pua.

Bi Zuwena akamtazama. "Na marehemu babako alipokuwa akenda kwa jamaa zake Ibra, huko Oman, wakigusana nini kama si pua? Viwiko?"

Nilichekea puani, pilipili ikanipanda. Hata Ami alijikuta anapigapiga mgongo wangu, naye anacheka.

Kusini, kwenye marae

Tuliendesha asubuhi nzima kuelekea kusini, mvua inakuja na kuondoka, kondoo kila upande. Ami alikuwa na hotuba ya Kiingereza mfukoni, maana Raya alikuwa ametueleza utaratibu: wenyeji huita, wageni huingia polepole, wenyeji huhutubia na kuimba, kisha mwanamume wa upande wa wageni hujibu, na watu wake humwimbia. Baada ya hapo wageni huweka zawadi chini, mbele ya wenyeji. Nilishika kila neno. Hilo la zawadi nililishika zaidi ya mengine yote, kwa sababu halwa ilikuwa mikononi mwangu.

Tulisimama getini. Ng'ambo ya uwanja wa majani kulikuwa na nyumba ndefu yenye nguzo za kuchongwa, na mbele yake mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi na majani kichwani. Akaanza kuita. Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa ndefu, inapanda na kushuka, na mwilini mwangu ikaingia kama ya msiba. Bi Zuwena alinishika mkono. "Amekufa nani?" alininong'oneza. Raya, mbele yetu, akaijibu sauti ile kwa Kimaori, na nikamwona Ami anamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye.

Tuliketi upande wetu. Alisimama mzee mmoja na fimbo, Mzee Hoani, ndugu wa babu yake Tama. Alizungumza Kimaori kwa muda mrefu na Raya akatunong'onezea. Alitaja mlima wao. Akataja mto wao. Akataja wazee wao jina kwa jina, baba na mtoto, mpaka kwenye chombo walichokuja nacho. Ami alikuwa ameikunjua karatasi yake. Kisha Mzee Hoani akageuka kwetu, na Raya akasita kidogo kabla ya kutafsiri.

"Anasema, hamkuja peke yenu. Mmekuja na maiti wenu. Anawasalimu waliolala Oman, na waliolala Zanzibar. Anasema wanisamehe, majina yao siyajui."

Lazima niwaeleze hapa jambo ambalo baadhi yenu mnalijua na baadhi mnajifanya hamlijui. Ami hajawahi kumwambia mtu yeyote wa Auckland kwamba sisi ni wa Zanzibar. Akiulizwa, husema Oman, na hapo hufunga. Raya ndiye aliyewaambia. Na hata hapa Muscat kuna jina ambalo halitajwi nyumbani kwetu mbele ya wageni: la mamake Bibi. Babake Bibi alikuwa Mwarabu wa Ibra, mamake alikuwa Mswahili wa Makunduchi, Unguja. Bibi aliporudi Oman na watoto wadogo, jamaa walimshauri alifiche hilo, kwa ajili ya kazi za watoto na ndoa zao, na watu wanaosema "asli." Akalificha. Mimi mwenyewe jina hilo nilikuwa nimelisikia kwa kuiba tu.

Ami alisimama. Akaanza kusoma: kwamba ni fahari kwake kuwa katika nchi hii nzuri. Sentensi ya pili ilimkwama. Aliitazama karatasi, akawatazama wale wazee waliokuwa wanamngoja bila ya haraka, akaikunja.

"Mimi ni Nassor bin Salim bin Hamed bin Rashid," alianza kwa Kiarabu, na akaendelea, bin baada ya bin, mpaka nikahisi mabega ya wale wazee yanamwinamia. Mtu anayejua kuhesabu wazee wake waliweza kumtambua hata bila ya lugha. Kisha akanyamaza. Nilidhani amemaliza. Nikaanza kushusha pumzi.

Akabadilisha lugha. Nilikuwa sijamsikia akisema Kiswahili mbele ya watu. "Mama yangu ni Zeyana. Mama yake Zeyana ni Mize binti Makame, mtu wa Makunduchi. Amezikwa huko huko. Mkulima wa muhogo. Mmesema majina hamyajui. Hayo ndiyo."

Raya hakuelewa yote, lakini alilielewa jina. Alijifunika mdomo.

Mzee Hoani akaegemea fimbo yake, akalirudia: "Mize." Akatikisa kichwa upande wa nyumba, kama anamkaribisha mtu ndani.

Ilibaki tumwimbie msemaji wetu. Hatukuwa tumejiandaa na wimbo wowote. Mimi nilishatunga udhuru wa koo. Bi Zuwena alisimama tu, akaanza kasida ya harusini ambayo mamake alikuwa akiiimba, Raya akiitikia pasipo kujua maneno, mimi nikiguna chini chini, na mwisho Bi Zuwena akapiga kigelegele ambacho kiliwarusha njiwa juu ya paa. Wanawake wa upande wa pili wakampigia makofi kama wachezaji wa mpira.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kiasi hicho, basi nikainuka kuweka zawadi.

Nilitembea mpaka katikati, nikainama kwa adabu, nikaweka kopo la halwa juu ya majani, na kwa kuwa kwetu halwa hufunguliwa ndipo ikakaribishwa, nikalifungua. Harufu ya zafarani na samli ikapanda. Nilimwona Raya amefumba macho. Mwanamke mmoja akatoka mbio upande wa jikoni, akalifunika kopo, akaondoka nalo amelikumbatia kama mtoto aliyeanguka.

Baadaye nilielezwa. Zawadi iliyokusudiwa ilikuwa bahasha ya pesa, iliyokuwa kwenye mfuko wa Ami. Chakula hakiletwi pale kamwe, maana uwanja ule ukiwa katikati ya salamu una utukufu wake na chakula huuvunja. Ni kama mtu kwetu aingie msikitini na viatu vya matope, tena avipange mbele ya imamu. Wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu kwamba nimeua ndoa. Nilisimama pale katikati, nikifikiri nitamwambia nini Bibi, na kama kuna ndege jioni.

Kikohozi kikasikika. Halafu nikatambua si kikohozi. Yule mwanamke mzee aliyetuita alikuwa anacheka mpaka majani ya kichwani yanamwanguka. Mzee Hoani akasema jambo na wote wakaangua kicheko. Raya akanitafsiria akijifuta macho: "Anasema, kijana huyu ana njaa, tufupishe."

Tukapanga mstari wa salamu. Tuligusana pua, paji kwa paji, pumzi moja pamoja. Nilimwona Ami mbele ya Mzee Hoani: aliinama bila ya kuonyeshwa namna, akagusisha na kukaa kidogo, sawasawa na wazee wa Ibra.

Mezani

Chakula kilipikwa ardhini, juu ya mawe ya moto, kimefunikwa udongo. Kuku walikuwa halali. Tama aliwachinja mwenyewe. Malenge na viazi vitamu vilikuwa na harufu ya moshi na ya mvua. Halwa ilikuja mwisho, mezani, mahali pake, na ikaisha. Tama ni kijana mrefu asiyejua aweke wapi mikono yake, na hilo lilinifanya nimpende haraka. Aliniambia usiku uliopita hakulala. Nikamwambia mimi sijalala tangu Kuala Lumpur.

Yule mwanamke mzee alikuwa bibi yake, Bi Mere. Alikaa kati yangu na Ami.

"Nimesikia ulikuwa unatuulizia mtaani," aliniambia. Masikio yalinichoma. "Usiogope. Na mimi niliwaulizia nyinyi."

"Kwa nani?" Ami aliuliza.

"Kwa mwenye duka wa hapa kwetu. Akanambia Waarabu kila mmoja ana wake wanne na kisima cha mafuta."

"Kisima!" Ami alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mimi kazi yangu kuziba mabomba ya maji ya baraza la mji. Na mke ni huyu mmoja, na simwezi."

"Hujawahi kujaribu," alisema Bi Zuwena.

Kicheko kilipotua, Bi Mere alimwambia Ami kwamba watoto wake mwenyewe hawajui Kimaori. Skuli walikuwa wakimpiga akikisema, basi aliapa wanawe hawatapigwa. Tama alikwenda kujifunza mtu mzima, kama Raya. "Nikimsikia, nafurahi," alisema, "kisha naona aibu, kisha nafurahi tena."

Ami alikuwa anachezea mfupa wa kuku. "Mimi nilipokuwa mdogo Muscat, mtaani walinicheka," alisema. "Kwa Kiswahili changu. Nikaona mtoto wangu asije akachekwa."

Bi Mere alimwongezea kiazi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, kwa sababu huko wageni wakishakula huwa si wageni tena, Ami alininong'oneza. Alisema yeye moyo wake umetulia, lakini hatajibu. Neno aliliweka kwa mama yake na kwa mama yake litabaki.

"Utamwambia yote?"

"Nimetumwa niseme yote, Ami."

"Hata hilo jina?" Alikuwa ameshika sahani bila ya kuifuta. "Amelificha maisha yake yote kwa ajili yetu, Talal. Mimi nimelitoa mbele ya watu mia nisiowajua. Akikasirika, Raya ndiye atakayelipa."

Azaiba tena

Ya kurudi hayana maelezo. Nililala Kuala Lumpur kwenye viti, nikaamka nimelalia bega la mchungaji wa Kikorea ambaye alikuwa ameniachia kwa hiari.

Nilifika nyumbani asubuhi. Bibi alinipa chai kwanza. Nikaanza kueleza, na kwa kuwa niliogopa kufika nilikopaswa kufika, nilieleza kila kitu kwa urefu: mwenye duka, dereva, yule mzee wa Kisomali. Hapo alinikatisha.

"Kwa hiyo wageni wote wanawajua, na hakuna anayewajua."

"Ndiyo, Bibi." Ndilo nililokuwa nimeshindwa kulisema kwa wiki mbili.

"Hata sisi tuliposhuka Muscat walitujua hivyo hivyo. Endelea."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye hotuba, nilipunguza mwendo. Nilisema, Ami alitaja baba zake. Nikasema, kisha akataja wengine. Bibi alinitazama tu. Nikalisema: Mize binti Makame, mtu wa Makunduchi, mkulima wa muhogo.

Aliinuka. Akaenda dirishani akasimama, mgongo kwetu. Dada Grace alizima televisheni bila ya kuambiwa. Nilianza kufikiri jinsi nitakavyomweleza Raya, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa baya.

"Alilitaja kwa sauti?" Bibi aliuliza.

"Kwa sauti, Bibi. Kwa Kiswahili."

"Na wao?"

"Mzee wao alilirudia. Kisha akalikaribisha ndani ya nyumba yao, pamoja na majina ya wazee wao."

Alipogeuka, mashavu yalikuwa yamelowa na macho makavu, ya mtu mwenye shughuli. "Nipigie Nassor."

Nilipiga, nikaweka spika. Huko ilikuwa jioni. Ami alipokea upesi kama mtu aliyekuwa amekaa juu ya simu.

"Mama?"

Kwa kawaida wale wawili hupokeana kwa Kiarabu, wakamaliza mambo ya afya, ndipo wakaingia Kiswahili kidogo. Siku hiyo Bibi alianza hivi:

"Nassor, ni mimi. Zeyana wa Mize."

Akaisogelea simu zaidi.

"Hao ni watu," Bibi alisema. "Muozeshe mtoto. Na uwaambie nitakuja, wanitengee nafasi ya kukaa, magoti yangu hayawezi majani."

Kisha tukasikia kiti kinaanguka, na Ami Nassor, mtu anayezungumza chini chini hata kwenye nyumba yake, akipiga kelele barazani mpaka nadhani Lahore na Fiji walisikia: "Zuwena! Raya! Njooni! Njooni mumsikie Mama!"